Maneno Yenye Mipaka: Uhakiki wa Istilahi za Kanuni ya Imani katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Utangulizi

Linapozungumzwa suala la istilahi, mawazo ya wengi wetu huelekea kwenye sayansi, sheria, kilimo na ufundi. Jambo hilo si ajabu, kwani ndizo nyanja zilizohitaji msaada wa haraka tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967. Lakini ziko istilahi ambazo hazikungoja kamati wala mkutano wa wataalamu. Zilitungwa na wamisionari na makatekista wao, zikakaririwa na watoto kabla hawajajua kusoma, nazo zingali zinasemwa kila Jumapili na watu ambao huenda hawajapata kushika kamusi mkononi. Miongoni mwazo ni istilahi za matamko mawili ya kale ya Ukristo: lile linaloitwa Imani ya Mitume, na lile linalojulikana kwa jina la mji wa Nikea.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki istilahi chache za matamko hayo kama zinavyotumika katika Kiswahili. Hatukusudii kuamua nani anaamini sawasawa na nani amekosea; kazi hiyo si ya mwanalugha. Tunalotaka kuonyesha ni jambo moja. Istilahi hizi zimeishi muda mrefu kwa sababu kila moja ilizaliwa katika mabishano, ikapewa mpaka ulio wazi. Pale ambapo mpaka huo umesahauliwa, neno limebaki midomoni lakini maana imehama, na pengine imehamia mahali penye hatari.

Tumechagua Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria. Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Africa Inland Mission nayo ilichukua kituo cha Nassa mwaka 1909, ikaenea hadi Kolandoto karibu na mji wa Shinyanga. Jimbo Katoliki la Shinyanga liliundwa mwaka 1956, na la Geita mwaka 1984. Kwa hiyo matamko haya yana umri wa kutosha katika nchi hiyo kuweza kuchunguzwa. Sababu ya pili ni ya kijamii. Almasi ya Mwadui tangu mwaka 1940, dhahabu ya Geita, ya Nyarugusu na ya Rwamgasa, pamoja na migodi mikubwa ya Bulyanhulu na Geita iliyofunguliwa miaka ya 2000 na 2001, imewakusanya Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya, Wakurya na wengine wengi. Lugha inayowaunganisha machimboni ni Kiswahili, na mahali hapo Kanuni ya Imani ni miongoni mwa matini machache ya Kiswahili rasmi ambayo mtu asiye na shule ndefu anayajua kwa moyo. Matini ya namna hiyo yana nguvu juu ya lugha ya watu, na kila chenye nguvu chastahili kuhakikiwa.

Asili ya matamko

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi matamko haya yalitoka wapi, maana bila historia yake istilahi haieleweki.

Katika karne za kwanza mtu aliyebatizwa hakukariri maelezo marefu. Alisimama majini akaulizwa mara 3, juu ya Baba, juu ya Mwana na juu ya Roho Mtakatifu, naye alijibu kila mara kwa neno moja la kukiri. Kutokana na maswali hayo Kanisa la Roma lilipata tamko fupi ambalo wataalamu huliona likitumika tangu karne ya 2. Tamko hilo liliongezwa kidogo kidogo katika nchi za Magharibi, hata likafikia umbo tunalolijua leo, ambalo linaonekana kamili katika maandishi ya Pirminius mwanzoni mwa karne ya 8. Hadithi kwamba mitume 12 walikaa pamoja, kila mmoja akatoa kifungu kimoja, ni ya kale, lakini haina msingi wa kihistoria. Jina la Imani ya Mitume lichukuliwe kuwa na maana ya mafundisho yaliyopokewa kutoka kwao, si maandishi yaliyoandikwa nao.

Tamko la Nikea ni la namna nyingine. Halikutoka majini, lilitoka katika ugomvi. Ario, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu, japo ni mkuu kuliko viumbe vyote, naye aliumbwa. Kaisari Konstantino aliitisha mtaguso mjini Nikea mwaka 325, nao maaskofu waliokutana walitumia neno la Kigiriki, homoousios, kufunga mlango ambao maneno ya Maandiko peke yake hayakuweza kuufunga, kwa kuwa kila upande uliyasoma kwa njia yake. Neno lenyewe halimo katika Biblia, na wengi walililalamikia kwa sababu hiyo. Mabishano hayakwisha siku hiyo. Athanasi wa Aleksandria alifukuzwa mjini kwake mara 5 katika kulitetea. Matini yanayosomwa makanisani leo yanahusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, nayo yalisomwa hadharani Kalkedonia mwaka 451. Mwaka 2025 makanisa ya dunia yaliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso wa Nikea.

Uzito wa neno moja katika tamko kama hilo waonekana pia katika maneno mawili mafupi, «na Mwana», yaliyoongezwa Magharibi kuhusu Roho Mtakatifu. Nyongeza hiyo inahusishwa na mtaguso wa Toledo wa mwaka 589, nayo ilipokewa katika ibada ya Roma mwaka 1014. Ikawa sababu mojawapo ya mfarakano kati ya Roma na Konstantinopoli. Hata leo Mkatoliki wa Shinyanga huyasema maneno hayo, na Mworthodoksi wa Kanda ya Ziwa hayasemi, ingawa wote wawili wanatumia Kiswahili kilekile. Mtunzi wa istilahi asidharau viunganishi.

Jina lenyewe

Kilatini huliita tamko symbolum, yaani alama ya kutambuana. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Wakatoliki husema «Kanuni ya Imani». Makanisa ya Kiprotestanti husema «Imani ya Mitume» au «Ungamo la Imani». Majina yote ni mazuri, lakini lile la kwanza lina historia ambayo pengine waliolichagua hawakuikusudia. Neno «kanuni» limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu nacho kililipata kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa fimbo iliyonyooka ya kupimia. Walimu wa karne ya 2 waliita muhtasari wa mafundisho yao kwa jina hilohilo: kipimo cha imani. Basi neno lilisafiri kutoka Kigiriki hadi Kiarabu, likaja pwani kwa biashara na dini ya Kiislamu, likapanda bara, na hatimaye likarudi kwenye kazi yake ya kwanza huko Bukumbi. Anayedhani kwamba maneno yenye asili ya Kiarabu ni mageni katika mambo ya Ukristo na autafakari mfano huo.

Kusadiki na kuamini

Kitenzi cha kwanza cha tamko ndicho kinachotofautisha makanisa yetu kwa haraka zaidi. Mkatoliki husema «nasadiki». Mlutheri husema «namwamini». Baadhi ya watu hudhani tofauti hiyo ni ya bahati tu. La hasha. Kusadiki, katika asili yake, ni kukubali kwamba jambo ni la kweli. Kuamini, katika asili yake, ni kumtegemea mtu kwa usalama. Maneno yote mawili yalikwisha kuwa ya dini katika Kiswahili cha Waislamu kabla ya kufika kwa misheni. Moja likaegemea ukweli wa habari, la pili likaegemea uaminifu wa mtu.

Tamko la kale linadai maana zote mbili. Agostino, askofu wa Hippo, alitenganisha mambo matatu: kusadiki kwamba Mungu yupo, kusadiki asemalo Mungu, na kumwelekea Mungu kwa moyo wote. Kilatini kilionyesha jambo la tatu kwa kihusishi kidogo kilichofuata kitenzi. Kiswahili kimejaribu njia mbili. Wakatoliki wametumia «kwa», wakapata «nasadiki kwa Mungu». Walutheri wametumia kiambishi cha mtendwa, -mw-, katika «namwamini».

Kwa maoni yetu njia ya kiambishi ni ya Kiswahili zaidi. Msemaji wa Kiswahili husikia mara moja tofauti ya «naamini kwamba Juma amefika» na «namwamini Juma». Katika sentensi ya kwanza kinachoaminiwa ni habari. Katika ya pili anayeaminiwa ni mtu, hata kama bado hajasema neno. Sarufi imefanya kazi ambayo kihusishi kimeifanya kwa shida. Hata hivyo njia ya «kwa» nayo ina faida ambayo wachache wameitazama. Rufino wa Aquileia, aliyeandika maelezo juu ya tamko karibu na mwaka 404, alionya kwamba kihusishi kile cha Kilatini kinamhusu Mungu peke yake. Kanisa husadikiwa kuwa lipo na kwamba ni takatifu, lakini moyo hauwekwi kwake kama unavyowekwa kwa Mungu. Katika Imani ya Mitume ya Wakatoliki kwa Kiswahili tofauti hiyo imehifadhiwa: «kwa» yatangulia Roho Mtakatifu, wala hairudiwi mbele ya Kanisa. Katika tamko la Nikea lakini «kwa» hurudiwa mbele ya Kanisa pia. Kigiriki kinaruhusu hivyo, Kilatini hakiruhusu. Mfasiri hakukosea, ila amewanyima wasemaji wake tofauti ambayo tafsiri ya tamko la pili imeihifadhi. Huo ndio upungufu unaotokea matini mawili ya jamii moja yanapofasiriwa bila kulinganishwa.

Umungu mmoja

Sasa tulitazame neno lililowafukuzisha watu mijini mwao. Homoousios limefasiriwa na Wakatoliki kwa maneno «umungu mmoja». Hapa yako mambo mawili ya kuhakiki: umbo na maana.

Kuhusu umbo, kanuni ya Kiswahili ni kuondoa kiambishi cha ngeli kabla ya kuweka u- ya dhana. Kutokana na «mtu» twapata «utu», si «umtu». Wingi wa «mungu» ni «miungu», na hiyo inaonyesha kwamba shina ni -ungu. Kwa hiyo umbo la kawaida ni «uungu», ambalo Waprotestanti hulitumia. «Umungu» limelichukua neno zima kama shina. Kisarufi ni kasoro, lakini kasoro yenye sababu: irabu mbili zinazofanana zikifuatana mwanzoni mwa neno, hupotea katika kinywa cha msemaji wa haraka, na katika umati unaokariri kwa pamoja neno lingesikika kama «ungu» tu. Sikio la ibada lilihitaji konsonanti. Sioni sababu ya kulifuta neno ambalo limekaa vinywani kwa vizazi. Kamusi na iyaandike yote mawili, na ieleze kwamba «uungu» ndilo umbo la kawaida na «umungu» ni la matumizi ya Kanisa Katoliki.

Kuhusu maana, mtu aweza kulalamika kwamba «umungu mmoja» hausemi vya kutosha. Petro na Paulo wana utu mmoja, lakini ni watu wawili. Je, Baba na Mwana wenye umungu mmoja si miungu wawili? Swali hilo si kosa la Kiswahili. Ndilo swali lilelile lililoulizwa juu ya neno la Kigiriki baada ya mwaka 325, na lililowachukua walimu wa Kapadokia miaka mingi kulijibu. Tafsiri iliyorithi hata utata wa neno asili ni tafsiri aminifu. Kingepatikana kipi kwingine? «Asili» lina maana ya chanzo, na Ario mwenyewe angelifurahia. «Dhati» ni neno zuri, lakini limekaa zaidi katika lugha ya vitabu. Mfasiri alichagua neno ambalo mtu wa kawaida angelielewa nusu mara moja, na nusu ya pili akaiacha mikononi mwa mwalimu.

Sambamba na hilo ni neno «nafsi», ambalo mafundisho ya Utatu hulitumia kwa kila mmoja wa watatu. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba ni- ni kiambishi cha nafsi ya kwanza, u- cha nafsi ya pili, na a- cha nafsi ya tatu. Jumapili husikia Nafsi tatu katika Mungu mmoja. Mkutano huo wa sarufi na dini si wa Kiswahili pekee. Tertuliano wa Karthago, aliyeandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 3, alitumia neno persona, ambalo wanasarufi wa lugha yake walilitumia kwa anayesema, anayeambiwa na anayetajwa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa dini wangeweza kusaidiana hapa kuliko wanavyofanya.

Neno lililokopwa

Si kila istilahi ya tamko ilifasiriwa. «Katoliki» limekopwa kama lilivyo, na kwa Kigiriki maana yake ni kitu kilicho kwa ajili ya wote. Wajerumani, hata kabla ya Luther, walizoea kuweka «la Kikristo» mahali hapo, na desturi hiyo imewafuata Walutheri mpaka katika Kiswahili. Matokeo ni kwamba neno lililotungwa kusema «la watu wote» limekuwa kwetu jina la dhehebu moja, na wale wengine wamelikwepa.

Wachimbaji wa Geita wangeweza kutufundisha jambo. Mashine ya kusaga mawe waliikopa pamoja na jina lake, wakaiita «karasha». Lakini mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara moja, nao ungali una dhahabu, wameuita «marudio», kutokana na kitenzi chao wenyewe. Shimo la kuchimbia wameliita «duara». Mahali pa kuoshea ni «mwalo». Hakuna kamati iliyowafundisha kwamba chombo kigeni chaweza kukopwa jina lake, bali wazo linalohitaji kueleweka sharti litafutiwe mzizi wa nyumbani. Katika tamko, «ushirika wa watakatifu» ni istilahi ya aina ya «marudio»: kila asikiaye «ushirika» anaujua ushirika. «Katoliki» ni ya aina ya «karasha»: linafanya kazi, ila halifunguki. Wakati umepita wa kulibadili. Haujapita wa kulieleza.

Kuzimu

Tunafika sasa kwenye neno ambalo limehama zaidi ya yote. Imani ya Mitume husema kwamba Kristo, baada ya kuzikwa, alishukia «kuzimu». Rufino aliandika waziwazi kwamba kifungu hiki hakikuwamo katika tamko la Roma wala la makanisa ya Mashariki, ila kilikuwamo katika tamko la mji wake wa Aquileia. Maana yake haikuwa mahali pa adhabu. Yalikuwa makao ya waliokufa wote, wema na wabaya, walioishi kabla. Kifungu kilitaka kusema kwamba alikufa kweli, akafika walipo wafu, na kwamba waliotangulia hawakusahauliwa.

Wafasiri wa Kiswahili walipata neno lililostahili kabisa. «Kuzimu» linatokana na mzizi wa «mzimu», nao ni wa Kibantu, wa kale kuliko misheni zote. Ni mahali walipo wazee wetu waliokufa. Kwa Msukuma, ambaye kwao wahenga huitwa masamva, nao hukumbukwa na kutajwa katika shida na katika furaha, kifungu hiki kilikuwa na habari nzito: kwamba huyo anayehubiriwa aliwaendea hata hao. Ni vigumu kufikiri tafsiri iliyo karibu zaidi na maana ya kale.

Lakini neno halikukaa hapo. Katika mahubiri mengi ya miongo ya karibuni, na katika masimulizi yanayouzwa sokoni, «kuzimu» limekuwa makao ya mashetani, kiwanda cha utajiri wa ghafla, mahali ambapo watu huenda kufanya agano ili wapate mali. Katika nchi ya dhahabu, ambako mtu mmoja hutajirika kwa usiku mmoja na jirani yake akafilisika katika duara la pili yake, maana hiyo mpya imepata udongo wenye rutuba. Anayekariri tamko Jumapili asubuhi na kusikiliza masimulizi hayo Jumapili jioni ana neno moja lenye maana mbili zinazopingana. Matokeo yake ni kwamba wahenga wamewekwa nyumba moja na mashetani, jambo ambalo tamko halikusema kamwe.

Makanisa mengine yameona shida hiyo, na baadhi ya matini huepuka neno hilo kwa kusema «mahali pa wafu». Tunaelewa sababu, lakini hatuoni kwamba kulikimbia neno ni dawa. Kuna pia kitenzi cha kufikiriwa. «Kushuka» katika ukanda huu si neno la dini tu. Ni neno la kazi. Mchimbaji hushuka duarani kila siku, na pengine harudi. Huko Nyangalata, wilayani Kahama, mwezi Oktoba 2015 wachimbaji 6 walifukiwa. 5 wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Kwa watu wanaojua kushuka kwa namna hiyo, kifungu kinachosema kwamba hakuna kina ambacho hakijafikiwa hakihitaji kurahisishwa. Kinahitaji kurudishiwa maana yake.

Vitenzi vyepesi

Tumezungumzia majina mengi. Lakini sehemu ya tamko iliyo imara kuliko zote katika Kiswahili haina istilahi hata moja. Ni ule mfululizo wa vitenzi: kuzaliwa, kuteswa, kufa, kuzikwa. Mfasiri hakuwa na la kuunda. Kila lugha ya wanadamu inayo maneno hayo.

Kwa nini tamko likasisitiza mambo ambayo yanampata kila mtu? Kwa sababu katika karne za kwanza walikuwapo waliofundisha kwamba Kristo hakuwa na mwili wa kweli: alionekana tu kama kivuli, hakuumia, hakufa. Ignasi wa Antiokia aliwapinga mwanzoni mwa karne ya 2 kwa kurudia kwamba alizaliwa kweli na kufa kweli. Ndiyo sababu pia jina la liwali wa Kirumi limo katika tamko. Ponsyo Pilato, au Pontio Pilato kama wengine waandikavyo, alitawala Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36. Jina lake halikuwekwa ili aheshimiwe. Limewekwa kama tarehe. Lasema kwamba jambo hili lilitokea katika mwili, katika nchi, katika utawala wa fulani.

Mabishano hayo ya kale yana umuhimu wa karibu sana katika ukanda huu. Tangu karibu na mwaka 2006, Shinyanga, Geita na Mwanza zilitajwa duniani kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa na watu walioamini kwamba huleta dhahabu na bahati. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 adhabu ya kifo kwa mauaji ya namna hiyo, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Watoto wengi walikimbiziwa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, ili wawe salama. Mauaji hayo yalitanguliwa na maneno. Walisemwa kuwa ni mizuka. Walisemwa kuwa hawafi, hutoweka tu. Waliitwa «dili», neno la biashara, kana kwamba ni bidhaa. Anayesema kwamba mtu fulani hafi wala hazikwi amekwisha kumwondoa katika hesabu ya watu kabla mwuaji hajafika.

Hatudai kwamba kukariri tamko kungezuia panga. Walioua na waliouawa waliishi katika vijiji vyenye makanisa. Tunachodai ni cha kiistilahi, nacho ni kidogo lakini ni cha kweli: ile imani kwamba kuna mtu mwenye sura ya mwili asiyekufa kama wengine, ndiyo kauli hasa ambayo vitenzi vile viliwekwa kuikataa. Matini hayo yamo vinywani mwa watu, na mpaka wake haufundishwi.

Linganisha na njia iliyofuatwa katika lugha ya umma. «Zeruzeru» limeachwa katika lugha rasmi, na mahali pake pamewekwa «mtu mwenye ualbino». Neno «ualbino» limeundwa kwa u- ileile iliyounda «uungu» na «utu». Lakini nguvu ya istilahi hiyo haiko katika neno lililokopwa. Iko katika «mtu» aliyetangulizwa, na hali yake ikafuata baadaye. Walioitunga walitenda kama walivyotenda wale wa zamani: waliona uovu unaojificha katika neno, wakaweka mpaka.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu twapendekeza mambo manne. Kwanza, kamusi zetu ziingize istilahi za matamko haya kwa fasili kamili, zikionyesha asili na matumizi ya kila kanisa, badala ya kuziacha na kisawe kimoja. Pili, lisifanywe jaribio la kusawazisha «nasadiki» na «namwamini», wala «Kristu» na «Kristo», kwa amri. Tofauti hizo ni historia ya watu, na hazimzuii mtu kumwelewa mwenzake. Tatu, wanaotayarisha katekisimu na vitabu vya ibada waeleze maneno magumu kwa Kiswahili chepesi, na kwa namna ya pekee waitetee «kuzimu» katika maana yake ya kale, na wafafanue kwa nini tamko lilitaja kifo na kaburi. Nne, Baraza liyakusanye maneno ya wachimbaji wa Geita, Kahama na Shinyanga mapema, kwa kuwa yana ustadi wa kuunda istilahi ambao unaweza kupotea pamoja na kazi yenyewe.

Waliokutana Nikea walijua kwamba neno lisilo na mpaka hutumiwa na kila mtu kwa faida yake. Sisi tuliopokea maneno yao tumeyatafsiri vizuri kuliko tunavyodhani. Kilichobaki ni kuyafundisha.